Mzeituni Uliozama Barazani

Fundi wa vyungu pale Mbinga mjini alinicheka mbele ya watu. Nilikuwa nimechagua chungu kikubwa cha saruji, vile vya kuweka maua barazani, nikakipindua kutazama chini. Chini kulikuwa kumefungwa kabisa, laini kama bakuli la uji.

"Hakina tundu," nikasema.

"Tundu la nini?"

"La kutoa maji."

Akawageukia wenzake waliokuwa wakichanganya mchanga na saruji. "Jamani, huyu kaka anataka chungu kinachovuja! Mimi nikiuza kilichotoboka wateja wananirudishia, yeye anataka nitoboe kizima. Kaka, chujio wanauza kule sokoni."

Wakacheka, nami nikacheka nao, kwa sababu siku hiyo nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimetoka Iringa na mche wa mzeituni, nimeukumbatia njia nzima kama mtoto anayetoka kliniki. Kama ningejua wakati ule kwamba kicheko cha yule fundi nitakisikia tena na tena nyumbani kwetu, kwa watu wa damu yangu, nisingecheka hata kidogo.

Watu wananiambia ni mti tu. Wanasema mwanaume wa umri wangu, aliyekula chumvi ya miji mingi, hawezi kununa miezi kwa ajili ya mti. Basi nieleze ulikuwa mti wa nini.

Baba yangu alikuwa katekista wa kigango kule Ruanda, ile ya kwetu Mbinga, kwenye milima ya kahawa. Kila Kwaresima ilipokaribia mwisho alishuka kwa miguu hadi upande wa Ngumbo, ziwani, kukata makuti ya ukindu kwa ajili ya Jumapili ya Matawi, maana kwetu juu hayaoti. Alirudi na mzigo kichwani, akinuka usipa, wale dagaa wa ziwa letu, kwa sababu hakuna mtu aliyekubali ashuke bure bila kumletea kitoweo. Tulimkimbilia njiani. Mimi nilipenda zaidi harufu ile ya ziwa kuliko makuti yenyewe, na nadhani ugonjwa wangu wa kuhamahama ulianzia hapo, katika kunusa mzigo wa baba na kujiuliza huko chini kukoje.

Akiwagawia watu matawi, hakukosa kusema kwamba kule Yerusalemu kulikuwa na mizeituni, ila sisi tunatumia tulichojaliwa. Nyumbani mama alimuuliza kwa Kimatengo, mzeituni wenyewe ukoje? Baba alijibu kwa uhakika wote kwamba ni mti wa kawaida, ila majani yake kwa chini ni meupe kidogo. Hakuwahi kuuona. Alikuwa ameambiwa na padre, na padre naye sijui aliambiwa na nani.

Baba alipokufa, mama hakuomba mengi. Alinipigia simu nikiwa Iringa, nafanya kazi ya kupiga plasta, akasema, "Mwanangu, wewe unayezunguka, hujawahi kuona huo mzeituni wa baba yako?" Nikamwambia nimeuona, unauzwa kwenye kitalu karibu na ninapolala. Kisha akasema anataka kushika tawi lake Jumapili ya Matawi, mara moja tu, limetoka uani kwake. Ndicho alichotaka. Wala hakutaja zeituni za kula, wala mafuta, wala kivuli.

Mama mwenye kitalu alinieleza vizuri kabisa. Kule kwenu, alisema, ni udongo mwekundu unaoshika maji na mvua ni nyingi, usiupande ardhini mwaka wa kwanza. Weka kwenye chungu kikubwa. Chini matundu mapana, juu yake kokoto, halafu udongo uliochanganywa na mchanga nusu kwa nusu. Mvua zikizidi, vuta chungu chini ya paa. "Huu ukifa mikononi mwako," akasema, "umekufa kwa maji. Kiu utaivumilia."

Nilifanya hivyo hivyo. Niliazima nyundo na kipande cha nondo, nikatoboa chungu taratibu kisipasuke, matundu ya kupitisha kidole gumba. Nikaokota kokoto barabarani, pale malori ya makaa ya mawe yanapopita yakizitawanya. Mchanga nilichota mtoni. Nikakiweka chungu barazani, kwenye pembe inayopata jua la asubuhi, nikakiinua juu ya vipande vya tofali ili maji yapate pa kutokea. Mama alikaa mlangoni akaligeuza jani moja, akatazama upande wa chini.

"Kweli ni jeupe," akasema. "Mzee hakudanganya."

Nikawakusanya wote waliokuwepo: mama, baba mdogo, yaani mdogo wake baba, anayekaa nyumba ya pili, na mpangaji wa chumba cha nje, karani wa mahakama aliyehamishiwa kwetu kutoka Kilwa. Nikawaambia neno moja tu. Msiumwagilie mpaka udongo ukauke. Wakaitikia wote. Baba mdogo ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kisha nikashuka Mbamba Bay, ziwani. Kulikuwa na nyumba ya wageni inajengwa karibu na ufukwe na walitaka mafundi plasta. Kazi ilikuwa nzuri, nilikula mbasa, samaki wa kule ziwani, wakiwa wabichi, jioni niliketi kwenye mchanga nikifikiria baba akipita pale na makuti yake. Mvua zilipoanza niliona jinsi mchanga wa kule unavyokunywa maji. Mvua inanyesha kama imemwagwa, na ukimaliza kikombe cha chai unaweza kutembea bila kuchafua viatu. Nikawaza, mzeituni ungekaa hapa. Nikampigia mama nikamwambia niushushe.

"Halafu nitabebaje tawi la mti ulioko ziwani?" akaniuliza. "Baba yako alikuwa na magoti. Mimi sina."

Nikaacha. Alikuwa na haki.

Krismasi nilipanda kurudi nyumbani. Nilipokaribia nyumbani niliuona mti kutoka njiani, na rangi yake haikunipendeza. Majani ya chini yalikuwa ya manjano. Nikaamkia, "Shikamoo mama, shikamoo baba mdogo," na kabla hawajamaliza kunipokea nikauliza mti una nini.

"Kiu," akasema baba mdogo. "Jua la hapa barazani ni kali. Lakini usijali, tunaupa maji."

"Nilisema msiupe!"

"Kijana," akasema, na mimi nina mvi, "wewe umeujua huu mti lini? Juzi. Mimi nimelima tangu hujazaliwa. Mti ukigeuka manjano una njaa au una kiu. Njaa nimeshaitibu."

Nikashika udongo. Umelowa, wala sikuuchunguza zaidi. Nikawaomba, nikawasihi, nikasogeza chungu mbali na michirizi ya bati. Mama akasema sawa. Niliporudi ziwani nilijipa moyo kwamba nimeeleweka. Hapo ndipo ninapojiona mjinga. Mtu aliyetembea kama mimi angepaswa kujua kwamba nyumbani kwake ndiko mahali pa mwisho pa kueleweka.

Niliporudi tena, Kwaresima ilikuwa imeshaanza. Mti ulikuwa umepukutika. Matawi mawili matatu ya juu yalikuwa bado na majani, yamelegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Na juu ya udongo, ndani ya chungu, maji yalikuwa yametuama. Nasema yametuama. Mbu walikuwa wakiruka.

Asubuhi ile ile, kabla sijaweka begi chini, mlango wa chumba cha nje ukafunguka, karani akatoka na birika lake la udhu. Akachuchumaa pembeni ya mzeituni. Akanawa mikono, akasukutua, akanawa uso, na kila tone likaingia kwenye chungu. Alifanya kwa adabu, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

"Bwana karani, unafanya nini?"

Akashtuka. "Kaka! Karibu. Natawadha." Akaona ninapotazama. "Ah, huu? Mama aliniambia nisimwage maji barazani, sakafu inachafuka. Nikaona bora yanufaishe mti. Maji ya ibada, kaka, hayana sabuni."

"Kila swala?"

"Nikiwa nyumbani, kila swala. Nilidhani nausaidia."

Ungemtukana vipi mtu wa namna hiyo? Nikapiga magoti, nikapitisha kidole chini ya chungu kutafuta yale matundu. Kidole kikagusa kitu kigumu, laini. Nikatafuta la pili. Vile vile. Nikalala kifudifudi kwenye sakafu nikachungulia. Matundu yangu yote yalikuwa yamezibwa kwa saruji, yakasawazishwa vizuri kwa mwiko.

Nilipiga kelele ambazo sijawahi kupiga mbele ya mama yangu. Nilimwita baba mdogo kwa jina la heshima lakini kwa sauti isiyo na heshima. Akaja akitafuna muwa.

"Nani ameziba matundu?"

"Mimi sikuziba," akasema. "Ila hata mimi nilishangaa ulipotoboa. Chungu kipya!"

"Nani basi? Nani katika nyumba hii ana akili ya kuziba matundu ya mti?"

"Mimi," akasema mama.

Alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kupigia deki mkononi. Sakafu ya mama ni nyekundu, anaipaka rangi na nta, anaisugua mpaka unajiona. Tangu tukiwa wadogo tulivua viatu mbali.

"Kilikuwa kinatoa maji ya tope," akasema. "Yanatiririka mpaka mlangoni. Wanajumuiya wakija kusali wanapita kwenye tope, kama nyumba haina mwanamke. Kulikuwa na saruji imebaki kwenye kaburi la baba yako. Nikaziba."

Hasira ilikuwepo, lakini haikuwa na mahali pa kwenda. Saruji ya kaburi la baba.

Nikachukua nondo na nyundo nikazibua. Nilitarajia maji yatoke kwa nguvu. Yakatoka machache, meusi, yananuka kama choo kilichojaa, kisha yakakatika. Nikachokoa kwa kijiti. Kijiti kikarudi na uchafu mweusi unaovutika. Hizo hazikuwa kokoto zangu. Kokoto zangu hazikuwepo.

"Kokoto zangu ziko wapi?"

Baba mdogo akatema makapi ya muwa. Akasimama wima, na usoni alikuwa na ile sura ya mtu aliyesubiri kuulizwa.

"Nilizitoa. Nani analisha mti mawe? Nimezimwaga pale kwenye dimbwi la getini, umepita juu yake ulipoingia. Nikaondoa na ule mchanga wako, hauna kitu. Nikatengeneza kama ngoro. Nyasi chini, nyingi, nimekata mwenyewe. Juu yake udongo mzuri wa shamba la kahawa. Hiyo ndiyo njaa niliyokwambia nimeitibu."

Asiyekujua kwetu lazima aelezwe. Milima yetu ni mikali, na tangu zamani watu wetu hulima kwa ngoro. Mwisho wa masika mwanaume hukata nyasi, akazilaza kwa mistari inayokatizana, kama wavu uliotandazwa mlimani. Mwanamke huchimba katikati ya kila chumba cha wavu ule na kuutupa udongo juu ya nyasi. Yanabaki matuta, na katikati mashimo yanayonasa maji yasiporomoke na kubeba udongo. Nyasi huoza chini ya tuta zikawa mbolea. Utotoni niliruka mashimo hayo na wenzangu baada ya mvua, yamejaa maji, mlima mzima unang'aa kama umeshonewa vioo. Sijaona kitu kizuri zaidi ya hicho popote nilipozunguka. Nikilala ugenini ndicho ninachokiota.

Na sasa baba mdogo alikuwa amekichukua kitu kile kizuri akakitia ndani ya chungu cha saruji kilichozibwa chini. Nyasi zimeoza, zimekuwa uji, uji umeziba kila kitu, na mizizi ya mzeituni wa mama imekaa humo mvua nzima.

Sikufikiri. Niliinua nyundo nikakipiga chungu ubavuni. Kikapasuka vipande viwili vikubwa, na kile kitu cha ndani kikaanguka juu ya sakafu nyekundu ya mama, kizima, chenye umbo la chungu, kinatoa harufu iliyomfanya karani ashike pua. Nikakipasua kwa mikono. Mizizi ilikuwa myeusi, laini. Ukiivuta ganda linabaki kwenye vidole na ndani kunabaki uzi. Nilitafuta, nilitafuta. Upande mmoja wa juu, karibu na shina, palikuwa na mizizi michache bado myeupe.

"Umevunja chungu," baba mdogo akasema. "Chungu cha pesa!"

"Ninyi mmeua mti wa mama!"

"Sisi? Sisi tuliokaa nao? Wewe ulikuwa wapi? Unaleta mti, unatoa amri kama bwana shamba, unashuka ziwani kula samaki. Ukirudi unavunja vitu. Mti ungekuwa na bahati kama ungekuwa na mwenyewe."

Hayo yaliniuma, nayaandika kwa sababu yaliniuma, lakini hayakubadilisha kitu. Mtu kutokuwepo hakumpi mwingine ruhusa ya kung'oa kokoto.

Ni mama aliyetutenganisha. Aliinama juu ya ile mizizi, akaigusa kwa kidole, kisha akamgeukia shemeji yake.

"Hebu nikuulize. Ngoro umelima miaka yote. Maharage tulikuwa tunapanda shimoni?"

"Tutani," akasema baba mdogo.

"Na nyasi zilikuwa wapi?"

"Chini ya tuta."

"Na maji?"

Baba mdogo akatazama vipande vya chungu.

"Basi mti wangu umeupanda shimoni, ukauwekea nyasi shimoni na maji shimoni. Hata mimi nimeuzibia shimo." Akafuta kidole kwenye khanga. "Mungu atusamehe wote, na huyu mwenye kelele pia."

Tulikata mizizi iliyooza kwa kisu. Nikachota mchanga tena mtoni, nikazoa kokoto zangu moja moja kutoka kwenye dimbwi la getini, baba mdogo akinitazama bila kusaidia. Nyuma ya nyumba, ukingoni mwa ngoro ya mwisho, tuliinua tuta la kokoto na mchanga tukaupanda juu yake. Karani alishika shina wakati nikifukia. Aliniambia mara nyingi, "Niwie radhi, kaka," mpaka nikamwambia kwa ukali aache, halafu nikajuta, maana yeye ndiye peke yake aliyeomba.

Nilikaa. Kule Mbamba Bay walinipigia simu kwamba nimeacha ukuta nusu, nikawaambia watafute mtu. Mvua haikukata. Kila asubuhi nilikwenda kutazama. Majani yalianguka yakabaki ya kitawi kimoja tu, kilichoelekea mashariki, na hayo nayo yalikuwa na kijivu cha mti unaofikiria kama ufe au uishi. Nilihesabu kwamba kama kitawi kile hakitaguswa, mti unaweza kupumua mpaka kiangazi.

Jumapili ya Matawi niliamka nikamkuta mama ameshavaa, khanga ya kanisani, viatu mkononi vimefungwa kwenye mfuko kwa ajili ya tope. Na mkononi alikuwa na kile kitawi.

"Mama! Umekata kilichobaki!"

"Ndiyo."

"Ungeusubiri tu! Mwaka kesho ungekata tawi lenye afya!"

"Nilikwambia nataka mti?" akasema. Hakuwa na hasira. Hasira yote ya nyumba ile nilikuwa nimeichukua mimi. "Nilikwambia nataka tawi. Mwaka kesho unaujua wewe?"

Tukaenda. Watu walikuwa na makuti yao marefu yaliyoletwa kwa gari kutoka ziwani, na mama katikati yao na kijiti chenye majani machache. Wanawake wa jumuiya walimzunguka, wakaligeuza jani kutazama upande mweupe, mmoja baada ya mwingine, na mama akasema kwa kila mmoja, "Ndivyo mzee alivyosema." Kisha padre akapita akibariki matawi. Alipofika mbele ya mama alichovya kinyunyizio kwenye ndoo, akalimwagia tawi lile maji mengi kuliko ya mtu yeyote. Nilikaribia kupiga kelele kanisani.

Nyumbani alilichomeka juu ya mlango, nyuma ya msalaba, ambako makuti ya baba yalikuwa yakikaa mpaka yachukuliwe kuchomwa kwa ajili ya Jumatano ya Majivu. Ni mahali pakavu. Katika nyumba nzima ni hapo tu ambapo hakuna aliyefikiria kumwagilia.

Siku iliyofuata nilifunga begi. Sikuwa na cha kukaa kutazama. Mti nyuma ya nyumba ulikuwa fimbo, na fimbo ama itachipua au haitachipua. Mama alinisindikiza hadi barazani. "Ukipita tena Iringa," akasema, "uniletee mwingine."

"Sileti."

"Utaleta."

Hapo baba mdogo akatokea upande wa nyumba, anasukuma toroli. Ndani yake kulikuwa na kile chungu. Alikuwa amekiunganisha vipande viwili kwa saruji, akakipiga lipu nje na ndani, na kwa kuwa nilikitoboa chini, chini pia alikuwa amepapiga lipu. Alikiweka pale pale kwenye pembe yake. Hakunitazama. Akachukua kopo, akamimina maji humo, akasubiri, akapapasa chini kwa kiganja.

"Hakivuji hata tone," akasema.

Barabarani gari la kushuka Mbamba Bay lilikuwa linapiga honi. Nikashusha begi, nikamwomba mama nyundo na nondo.